Mtani Ndani ya Kaburi

Kastory Komba alikuwa amelala chali ndani ya kaburi, mikono chini ya kisogo, na alikataa katakata kutoka.

"Hapa pananifaa," alisema, na sauti yake ikawapandia waombolezaji waliozunguka shimo. "Udongo laini, upepo wa Kilolo haufiki. Bibi yenu mtafutieni pengine. Ninyi Wahehe ardhi mnayo, mlichonyimwa ni ukarimu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi Semgovano alikuwa amefariki usingizini akiwa na miaka tisini na sita, ameshiba, ameshasali, na msiba wa namna hiyo haumlizi mtu kutwa nzima. Jeneza lake lilipumzika juu ya mabenchi mawili ya kanisani likisubiri Mngoni huyo aridhike, na Mngoni haridhiki upesi. Tangu asubuhi Kastory alikuwa ameufunga mlango wa jiko kwa kamba, amekimbia na kofia ya katekista, na amemlilia marehemu kwa sauti ya juu akimwita mchumba wake aliyemtoroka. Hakuna aliyekasirika. Mababu wa Wahehe na mababu wa Wangoni walipigana hadi mikono ikachoka, kisha wakaona afadhali wachekane. Tangu hapo, ukifiwa, mtani wako huja kuvuruga. Akikutukana, unacheka. Akichukua kitu, humnyang'anyi, unakikomboa kwa bei anayoitaja yeye. Na ukimkasirikia, aibu ni yako na ya marehemu wako.

Daktari Blandina Kikoti, mjukuu wa marehemu, alikuwa anacheka pamoja na wenzake pale miwani yake ilipoanza kuandika.

Ilikuwa miwani ya kazi, na alikuwa amesahau kuizima. Pembeni mwa kioo cha kulia maneno mekundu yalijipanga: Komba, Kastory. Wizi mdogo. Kuzuia shughuli halali. Matusi. Pombe hadharani. Blandina akachungulia shimoni. Kikuku kwenye mkono wa Kastory kilikuwa kimewaka chekundu.

Kila mtu mzima mkoani alivaa kikuku kama kile. Bila kikuku hupati bima ya afya. Kilisikiliza maneno, kilinusa pumzi, kilihesabu mapigo ya moyo, na kwa miaka kumi kilikuwa kikipeleka habari zote Kituo cha Shina, mjini Iringa, ambako Blandina alikuwa msomaji mkuu. Wala Kastory Komba hakuwa mgeni kwenye miwani ile. Alikuwa mmoja wa watu mia mbili wa kwanza ambao siku hiyohiyo, kabla ya saa kumi jioni, Blandina alitakiwa kuwaidhinishia Tulizo. Dawa yenyewe huvutwa puani mara moja tu maishani. Hupanda ubongoni, ikapunguza nguvu ya vinasaba fulani kama mtu anayepunguza utambi wa taa, na kiu ya pombe hukatika, pamoja na hasira na kiherehere. Na utambi ukishapunguzwa hivyo haupandishwi tena.

"Daktari!" Kastory alimwita. "Njoo wewe mwenye elimu, ninyi wengine mmenichosha. Niletee ulanzi. Nao uwe mkangafu hasa, uliochachuka, ile togwa ya asubuhi wapeni watoto."

Blandina akapokea kikombe cha mwanzi, akapiga magoti kwenye ukingo wa shimo, akainama kumpa. Kastory alipokea kikombe kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alimchomoa pete kidoleni, upesi hata Blandina hakuhisi kitu.

"Hii nimeshika rehani!" akatangaza, na wanawake wakapiga vigelegele.

Blandina alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Ile haikuwa pete ya urembo. Ilikuwa pete ya idhini, iliyosukwa kwa alama za damu yake, na pasipo pete ile kugusa kidole chake hakuna agizo la Tulizo lililoweza kutoka mkoa mzima.

"Mtani, hiyo si ya mchezo," alinong'ona.

"Ndiyo maana nimeichukua," Kastory akajibu, akaikaza kwenye kidole chake cha mwisho, akanywa. Kikuku kikawaka tena. Wizi, miwani ikaandika. Wizi.

Blandina akabaki amepiga magoti, macho kwenye neno lile. Alikuwa amelisoma mara elfu na elfu ofisini, likiwa limetulia kwenye jedwali. Leo kwa mara ya kwanza alilisoma huku anamtazama mwizi mwenyewe akimkonyeza, akajua kwamba si mwizi.

*

Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye miti ya peasi, akampigia Theopista Gama. Theopista alikuwa msomaji mkuu wa Songea, Mngoni wa kuzaliwa, rafiki yake tangu chuoni.

"We mla mbwa," Theopista aliitikia, "msiba gani huo unaokupa nafasi ya kunisumbua?"

"Theo, nisikilize kwanza. Mia mbili wenu wa juu huko Songea, nisomee majina."

"Hiyo ni siri ya serikali."

"Theo!"

"Haya, haya, usinipasue sikio. Kalinga. Kihongosi. Kikoti, tena wawili, ndugu zako hao. Mgovano. Kalinga mwingine. Halafu..." Akasita. "Blandina, hawa karibu wote ni Wahehe."

"Songea kuna Wahehe wengi?"

"Wako wapi? Walimu kidogo na wafanyabiashara wa mbao. Sisi tulijisemea tu, si ndio ninyi, Wahehe na hasira zenu."

"Na sisi huku juu wamejaa kina Komba na Gama na Mbano, tukajisemea Wangoni na vita vyao." Blandina alikuwa anatembea huku na huko, kisigino kikiponda peasi zilizoanguka. "Sasa niambie. Huko kwenu, mtu akifa, nani anaingia kaburini kugoma?"

Theopista akapiga ukelele ambao bila shaka ulisikika hadi ofisi ya jirani.

"Wahehe! Mungu wangu, Blandina, juzijuzi tu kwenye msiba wa baba mkubwa, mzee Kalinga alijifunga kwenye jeneza kwa khanga!"

"Na kikuku chake?"

"Kilikuwa chekundu," Theopista alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Nilikiona kwa macho yangu. Nilikuwa nacheka."

Kosa lenyewe ni hili, na lilihitaji watu wa huku hasa kulitenda. Wasomaji wa Shina walianza na ukweli ambao dunia nzima iliujua: kwamba ulevi, ugomvi, kuvunja kanuni, kamari na kuikimbilia hatari huwa vinafuatana katika koo, na kwamba kwa sehemu vinatoka kwenye asili moja ya vinasaba, ile waliyoiita Shina. Hakuna kinasaba cha ulevi. Kuna maelfu ya tofauti ndogondogo, kila moja ina nguvu ya punje moja ya chumvi, na ni zikijumlika ndipo mchuzi unapata ladha. Ili kuzijua punje zenyewe, kompyuta ya Kituo ilipewa vinasaba vya watu wote na rekodi za vikuku vyao, ikaambiwa itafute kipi kinakwenda na kipi. Ikatafuta kwa bidii. Lakini kompyuta haijawahi kufiwa. Iliona tu kwamba mkoani Iringa watu wenye asili ya Ungoni, kila baada ya muda, huiba viatu, hutukana hadharani na kuzuia mazishi wakiwa na pombe mdomoni, na Songea ikaona hivyohivyo kwa Wahehe. Basi kila tofauti ya vinasaba ambayo Mngoni amerithi kwa kuwa tu ni mjukuu wa babu yake ikaandikwa chumvi ya ukorofi. Na wao wasomaji, waliokula ubwabwa kwenye misiba hiyohiyo na kucheka mpaka machozi, walirudi ofisini Jumatatu wakalitia kosa hilo saini.

Blandina aliketi kwenye jiwe, akafungua mitambo ya Kituo kupitia miwani. Aliiagiza kompyuta iondoe rekodi zote za misibani. Kisha iache kulinganisha watu ovyo. Ilinganishe ndugu kwa ndugu, waliotoka tumbo moja, maana hao kabila lao ni moja na watani wao ni walewale. Kikibaki kitu baada ya hapo, kitakuwa kitu kweli.

Upande wa mbele ya nyumba kwaya ilikuwa imeanza wimbo mwingine, kwa mwendo wa haraka, na Kastory akiwajibu kutoka shimoni kwa besi. Ubeti wa tatu haujaisha, majibu yakaja.

Shina lilikuwa limekonda, karibu nusu ya lilivyokuwa. Lakini lilisimama. Pombe, ugomvi na kuikimbilia hatari bado vilifuatana hata kati ya ndugu wa damu, bado kwa sehemu vilitoka mahali pamoja. Blandina aliruka kutoka kwenye jiwe kama msichana. Miaka kumi ya kazi yake haikuwa uongo! Alitaka kumkumbatia mtu, yeyote yule. Kastory Komba alikuwa ameporomoka mpaka katikati ya watu wa kawaida, mahali pa mtu anayekunywa kwenye msiba na kwenda kulala. Wangoni kwa makumi walitoka katika mia mbili wa juu.

Sheria ilisema mia mbili, ikaishia hapo. Akitoka mmoja, wa chini yake hupanda. Blandina alipitisha macho kwenye majina mapya, akishangilia bado, mpaka akafika kwenye jina la kumi na saba.

Kikoti, Fidelis.

Alilisoma tena, kisha akaketi palepale kwenye nyasi. Fidelis alikuwa mdogo wake wa mwisho.

*

Alimkuta kwenye kivuli cha ghala, anagawa ulanzi. Fidelis alikuwa amekuja na sare yake ya kikosi cha moto wa msitu, buti zina majivu, mabega yamejaa mlango. Kwa desturi mgawaji huonja kwanza, watu waone kwamba hakuna hila. Fidelis alikuwa amemwomba shangazi yao asimame karibu amwonjee, na shangazi, Mungu amjalie, alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa moyo wote hata akahitaji kigoda.

"Dada, mbona umesawajika hivyo?" Fidelis aliuliza. "Mtani amekuchukulia nini tena?"

"Pete."

"Mpe jogoo, atairudisha."

Blandina alimtazama akijaza kikombe bila kumwaga tone. Harufu ya mkangafu ilikuwa kali kiasi cha kuwasha macho. Ilikuwa miaka mitatu tangu Fidelis aonje chochote, na miaka minne tangu usiku ule alipovunja mlango wa chumba cha mama yao kwa teke, akidai apewe shuka akauze. Mama alikuwa nyuma ya mlango. Mkono wake haukunyooka tena vizuri hadi leo. Kesho yake Blandina aliingia ofisini akaandika kifungu cha nne cha sheria ya Tulizo kwa mkono wake mwenyewe: mwenye Shina la juu hataulizwa, kwa kuwa Shina ndilo litakalojibu. Alikiandika huku analia, na alikiamini kila neno. Hata sasa, kila Fidelis alipochelewa kupokea simu, alipiga tena na tena.

"Edmund yule wa kikosi chenu," alisema, akijitahidi sauti isicheze. "Aliyejitolea kwenye majaribio ya Tulizo. Anaendeleaje?"

"Vizuri. Mke wake anaisifia ile dawa kanisani." Fidelis akampa mzee mmoja kikombe, akamsubiri apite. "Anawahi kazini kuliko sote. Hanywi, hagombani, hakopi. Lakini moto wa juzi kule msituni uliruka barabara, dada. Ukiruka vile unao muda wa kupumua tu, unaingia kuukata au unaukimbia. Mimi niliingia. Edmund alisimama pembeni na jembe lake, anasubiri aambiwe. Mtu mzuri kabisa. Anasubiri aambiwe."

"Uliogopa?"

Fidelis akatabasamu, na Blandina akaliona tabasamu lilelile la mtoto aliyekuwa akipanda mkaratusi mpaka kileleni huku mama akipiga mayowe chini. "Nilifurahi," alisema. "Mungu anisamehe, nilifurahi sana."

Alitaka kumwambia. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Hapo ndipo gari la kijani la Tulizo lilipopiga honi kwenye geti.

*

Profesa Ladislaus Mbilinyi, mkurugenzi wa Kituo, alishuka na khanga mbili za rambirambi begani, wauguzi wawili wakimfuata na sanduku la baridi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mbena wa Njombe, baba wa mabinti wanne, aliyemzika kaka yake aliyeuawa na gongo, na kila alichofanya alikifanya kwa haraka ya mtu anayeona wengine wakizama.

"Pole sana, binti yangu," alisema. "Nisingekuja na gari leo, lakini saa kumi inakaribia na wewe hujathibitisha. Bila pete yako agizo linakufa, linarudi kamatini, mwaka mzima mwingine."

Blandina alimweleza yote kwa pumzi moja, misiba, Songea, ndugu kwa ndugu. Profesa alisikiliza mdomo wazi. Kisha, mbele ya wauguzi na kuku wa watu, akamshika mikono miwili akamzungusha.

"Umetuokoa! Tungewatia dawa watu kwa kosa la kuchekesha! Na Shina limesimama, unasema? Limesimama?"

"Limesimama, Profesa."

"Basi thibitisha wale wapya. Upesi!"

"Wa kumi na saba ni Fidelis. Mdogo wangu."

Furaha ikamtoka Profesa usoni polepole. Akatazama upande wa ghala, akamwona yule kijana mwenye ndoo.

"Nakupa pole ya pili," alisema. "Lakini hesabu ni yako, na safari hii ni sahihi. Na kifungu cha nne pia ni chako. Mimi sikukiongezea neno."

Hapo Blandina hakuwa na pa kushika. Kosa lingekuwa bado lipo, angepigana kwa moyo mweupe. Sasa hesabu ilikuwa ya kweli, Fidelis alikuwa na Shina kweli, na sehemu moja ya moyo wake, ile iliyolala na simu sikioni kwa miaka minne, ilikuwa inapiga kelele: mpe, mpe leo, ulale usingizi. Na sehemu nyingine ilimwona mtu mzuri amesimama pembeni ya moto, anasubiri aambiwe. Angeweza kuidhinisha kwa upendo. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Akatazama kidole chake kitupu.

"Pete sinayo," alisema. "Iko kwa mtani."

"Mtani yupi?"

Alimwonyesha kwa kidevu. Profesa akaenda mpaka ukingoni mwa kaburi, akainama, tai yake ikaning'inia shimoni.

"Kamwene, mzee," alimsalimu. "Nimekuja kuikomboa pete ya mtumishi wangu."

Kastory alifumbua jicho moja. "Huyu nani? Ana harufu ya viazi. Mbena! Jamani, leo nimebarikiwa, wameniletea na Mbena! Kwani na wewe si mtani wangu?"

"Ndimi," Profesa alikiri, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa na hakuna Mbena anayeweza kukana. Watu walianza kusogea, hata kwaya ikanyamaza.

"Bei ni jogoo na ndoo mbili za mkangafu. Na hiyo tai."

"Nimekubali. Nipe, tafadhali, muda unakwisha."

"Muda wa nini?" Kastory akaketi. "Mtu akikubali bei ya kwanza, kuna jambo. Daktari, pete hii ya kazi gani?"

Blandina aliwatazama watu wote waliomzunguka, shangazi kwenye kigoda, katekista kichwa wazi, na Fidelis aliyekuwa ameweka ndoo chini akaja kusikiliza. Angeweza kudanganya bado. Akavuta pumzi.

"Ya kuwapa watu Tulizo bila kuwauliza," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Asubuhi wewe ulikuwamo, mtani, kwa makosa yangu mimi, kwa sababu unaiba viatu misibani. Sasa umetoka. Ameingia Fidelis, naye si kwa makosa."

Upepo ulivuma, ukageuza kona ya khanga iliyofunika jeneza. Fidelis alimtazama dada yake kama anayejaribu kumkumbuka jina.

Kastory Komba aliitazama pete kwenye kidole chake cha mwisho, na utani ukamtoka usoni kwa muda mfupi tu, wakamwona alivyo, mzee mwenye wajukuu.

"Mimi nilikuwa nitiwe dawa puani kwa kumlilia Bibi Semgovano," alisema. Kisha akajilaza tena, mikono chini ya kisogo. "Bei imepanda. Jogoo sitaki. Nataka wote mia mbili waulizwe. Kwa mdomo, uso kwa uso, na jibu la mtu liwe jibu. Ukianza na huyu hapa, nikisikia kwa masikio yangu."

"Mzee, hiyo ni sheria ya nchi!" Profesa akapaza sauti. "Siwezi—"

"Anakasirika?" Kastory aliwauliza watu, kwa upole mkubwa. "Mbena anamkasirikia mtani, juu ya kaburi la watu?"

Mnong'ono ukapita. Wazee wakaangaliana. Profesa Mbilinyi alikuwa amezungumza bungeni na kwenye mikutano ya mabara matatu, lakini mama yake alimlea Njombe, na alijua vizuri nini kingesemwa juu ya mama yule kabla jua halijazama. Akafunga mdomo. Akatazama saa yake, sanduku la baridi, na mwisho Blandina.

"Kifungu cha nne umekiandika wewe," alimwambia tena, sasa kama anayeomba. "Shina ndilo litakalojibu."

"Nilikiandika, na nimekifuta," Blandina alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Shina ni nusu ya nilivyodhani, Profesa. Hiyo nusu nyingine hatujawahi kuiuliza kitu. Sijui itajibu nini. Naogopa kweli. Muulize."

Profesa akavua miwani yake, akaipangusa kwa ile tai iliyokwisha kuuzwa, akairudisha. Akamgeukia Fidelis.

"Sema kwa sauti," Kastory alimkumbusha kutoka chini. "Vikuku visikie. Visije vikaandika wizi peke yake."

"Fidelis Kikoti," Profesa akaanza, na sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida kabisa. "Tuna dawa. Itakukata kiu maisha yako yote. Itakupunguzia na mengine, nadhani unayajua. Jibu lako litakuwa jibu. Unaitaka?"

Fidelis alivitazama vidole vyake, vinanukia ulanzi alioushika tangu asubuhi.

"Ule mwaka wa mlango wa mama," alisema hatimaye, "mngeniuliza, ningesema ndiyo kabla hamjamaliza swali. Ningepiga magoti. Wapo wengi leo watakaosema hivyo, na mkawape, msiwacheleweshe." Akakohoa. "Mimi leo siitaki. Kesho njooni mniulize tena."

"Kesho?" Profesa akashangaa.

"Na keshokutwa. Mimi mwenyewe hujiuliza kila asubuhi, kabla sijavaa viatu. Nimechoka kujiuliza peke yangu."

Aliyasema hayo akimtazama Blandina, si Profesa. Blandina akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, zaidi ya ilivyohitajika, na Fidelis akacheka kidogo, na yeye macho yamelowa.

"Huyo mmoja," alisema Kastory Komba, akanyoosha mkono juu. "Mnivute sasa, mgongo umeniuma. Bibi wa watu anangoja."

Fidelis akamshika mkono, akamwinua kutoka shimoni kwa mvuto mmoja, vumbi jekundu likamwagika kutoka kwenye koti la mzee. Wanawake walipiga vigelegele, kwaya ikadaka wimbo ilipouacha, na wanaume wanne wakainama kulinyanyua jeneza. Profesa alinyoosha kiganja kupokea pete.

Kastory alikitazama kile kiganja, akaweka mkono wenye pete ndani ya mfuko wa koti. Kikuku chake kikawaka chekundu.

"Bado mia moja tisini na tisa wa kuulizwa," alisema. "Lile gari lenu lina nafasi? Maana tukishazika tunakwenda wote."